Zamu Yangu ya Kurudisha

Mtaa ulinichangia nikasoma hadi nikawa muuguzi. Kwetu, aliyechangiwa hurudisha elimu yenyewe: hutolewa kichwani mwake, ikatiwa kichwani mwa mtoto anayefuata. Zamu yangu ilipokaribia, niliandika dozi zote za dawa kwenye daftari, nikalificha kabatini. Jana waliniita.

Leo binti yangu, Tunu, ameamka na homa kali.

"Mama Tunu, soma basi, mtoto anaungua!" alisema mume wangu, ambaye hakuwahi kusoma.

Nililifungua daftari. Nilidhani wangechukua uuguzi tu, kumbe michango yao ilianza nikiwa darasa la kwanza. Mkono ulioandika ni huu wangu. Nikaligeuza juu chini, labda nimelishika vibaya.