Bingwa Aliyekataliwa na Kompyuta

Kompyuta ya Karwirwa ilikuwa imewakubali wacheza drafti wote wa soko la Gakoromone, hata yule aliyefungwa mara arobaini na moja bila kuona haya. Mmoja tu ndiye iliyemkataa, na huyo ndiye bingwa. Kila alipoingizwa Mzee Mutembei, kioo kilijaa wekundu.

"Labda hiyo mashini haina adabu," alisema Gedi, akipanga upya vifuniko vya soda juu ya ubao.

Gedi alikuwa na lori la kubeba miraa kutoka Maua, na asubuhi, akingojea mzigo, alikuwa karani wa benchi ya wachezaji. Kila mechi aliinakili daftarini, kila hatua kwa nambari mbili. Kwa wiki tatu Karwirwa alikuwa akiziingiza nambari hizo, vidole vikienda mbio, macho yasibanduke kwenye kioo.

Usimcheke, kazi ilikuwa kazi kweli. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka ontolojia ya michezo ya ubao, yaani mpango wa kuieleza kompyuta kila kitu ni nini na kinahusiana vipi na kingine. Walimpa ruwaza za kufuata, yaani vielelezo vilivyokwisha kupangwa, pamoja na onyo: ruwaza haziguswi. Kwa ajili hiyo alikuwa ameacha kufundisha Timau. Huko Ruiri mama yake alishawatangazia watu wa kanisa kwamba binti yake analipwa kutazama wanaume wasio na kazi. Ijumaa asipopeleka mpango usio na kosa hata moja, kazi angepewa mwingine, na mama angeimba wimbo huo mpaka Krismasi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Watu wa benchi walizipokea ruwaza kwa mashaka tangu siku ya kwanza.

"Mchezaji si mtu," Karwirwa aliwaeleza. "Ni nafasi. Unaivaa ukikaa, unaivua ukisimama."

"Kwa hivyo bibi yangu akiuliza nilikuwa wapi," Gedi akasema, "naeza mwambia si mimi, ilikuwa nafasi?"

"Halafu drafti si mechi. Drafti ni mchezo. Mechi ni tukio: lina saa, lina mahali, na lazima liwe na hatua angalau moja."

"Sawa madam, kaa tucheze tukio moja."

"Niko kazini," alijibu, kama alivyojibu kila siku alipokaribishwa.

Hiyo hatua angalau moja ndiyo iliyomkwamisha bingwa. Mechi zake mia tatu na kumi na mbili zilikuwa na tarehe, mpinzani na mshindi, naye mshindi alikuwa yeye kila mara. Hatua hazikuwemo. Wala Gedi hakuwa mzembe. Hazikuwako za kuandikwa. Karwirwa alijionea mwenyewe. Mzee huketi, huukodolea ubao macho, hukohoa. Mpinzani akinyosha mkono kuelekea kete, Mzee humwuliza polepole, "Uko na hakika?" Mkono hurudi mfukoni. Baada ya dakika kumi za jasho, mpinzani husimama na kukubali yaishe.

Asubuhi hiyo Gedi aliapa kwamba yeye atasongesha. Aliketi. Mzee akakohoa. Gedi akainua kidole, akakitazama, akakitumia kujikuna sikio.

"Uko na hakika?" Mzee akauliza.

"Hapana," Gedi akasema, na kusimama. "Mwenye nguvu mpishe. Huyu mzee huona hatua ishirini mbele. Ukisongesha moja tu, umejizika mwenyewe."

Mechi ya mia tatu na kumi na tatu. Kioo kikawa chekundu.

Maji yalikuwa yamemfika Karwirwa shingoni. Kusema kweli alimwogopa Mzee Mutembei kama kila mtu sokoni: mzee mkimya wa Kibirichia, koti zito hata jua likiwaka. Lakini alimwogopa mama yake zaidi. Akaikumbatia kompyuta, akaenda kuketi kwenye kiti cha mpinzani. Benchi nzima ikasogea kuona.

"Muga, mzee," akamsalimu Kimeru. "Naomba hatua moja tu. Yoyote ile. Kompyuta iione, nimalize kazi."

Mzee akamtazama yeye, akautazama ubao, akakohoa. Karwirwa hakusimama. Mzee akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Karwirwa akabaki pale pale.

Ndipo Mzee akawageukia wengine. "Nyinyi wote endeni chai. Hii ni maneno ya wataalamu."

Wakaenda, Gedi akiwa wa mwisho, shingo ikiwa imepinda kwa kutazama nyuma. Mzee alingoja mpaka wote wakapotelea nyuma ya magunia ya kabichi, kisha akainama hadi kidevu kikakaribia kugusa ubao.

"Msichana yangu," akanong'ona, "mimi nilikaa hapa siku moja tu, nikingojea lori ya viazi. Mtu akaketi mbele yangu. Nikakohoa juu ya homa, yeye akasema nimemshinda. Sasa ni miaka kumi na moja, na hakuna mtu wa kuuliza. Hii vitu husongeshwa namna gani?"

Karwirwa aliutazama ubao kutoka kona hadi kona.

"Mzee," akasema, naye akinong'ona, "mimi nilikuwa natumaini wewe ndiye utanionyesha."