Taa Kabla ya Singo

Siku hizi bibi harusi hapakwi singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, kabla hajamulikwa. Zile chembechembe tunazochomwa sindano kila mwaka huzunguka mwilini, zikikuta saratani hujikusanya hapo, na chini ya taa hung'aa kijani. Taa isipoonyesha kitu, somo, yaani kungwi wake, hupiga kigelegele na wanawake walioko nje huitikia.

Bi Mize, somo yangu, alipofika na taa chini ya titi langu la kushoto alisita. Palikuwa na punje inang'aa, ndogo kuliko mtama.

"Nitapiga kigelegele tu, mwanangu," alininong'oneza. "Watajuaje?"

"Hii inatolewa Jumatatu, Somo, na jioni niko nyumbani. Sina cha kuficha."

Nilijifunga kanga, nikamnyang'anya taa, nikafungua mlango. Mama mkwe alikuwa mbele ya wote, ameshika chetezo kinachofuka udi.

"Nina punje moja," nilimwambia. "Imeonekana mapema. Itatoka."

Alirudi nyuma, kama vile ingemrukia. "Basi harusi isubiri."

"Isubiri, mama. Na mwanao Nassor je, amemulikwa?"

"Mwanamume hamulikwi!"

"Leo atamulikwa." Nikamnyooshea taa. "Mpelekee. Mimi nakaa hapa hapa, nasikiliza kigelegele chake."

Aliweka chetezo chini, akaipokea taa kwa ncha za vidole, akatoka kwenda nyumba ya wanaume.

Udi umeshazimika, na kutoka nyumba ya wanaume hakijasikika kigelegele. Bi Mize ananiuliza kama aimwage singo. Nimemwambia hapana, aifunike tu.