Kijiko cha Mashavu

Eeh, huyohuyo Mashavu, aliyefungwa miaka tisa eti kamtilia mwanawe sumu kwenye uji. Mpaka daktari akaja kuthibitisha mtoto alikufa kwa ugonjwa wa moyo, ndio wakamwachia.

Basi siku aliyorudi akapika wali wa nazi, bwana, unanukia mpaka barabarani. Watu wamejaa uani, wamesimama tu. Mashavu akachukua kijiko aonje kwanza, wamwone.

Mama mkwe wake, Bi Kidawa, yeye ndiye aliyemshitaki, akamnyang'anya kile kijiko.

"Huonji kitu, mwanangu. Naanza mimi."

Akala, akala tena, machozi yanamtoka.

"Nyie nguzo, mnangoja nimalize?"

Wakacheka, wakanawa, wakakaa mkekani wote, na kijiko bibi hakukiachia.