Kiapo cha Koti

“Haya ni kweli tupu, wasikilizaji, na nikisema uongo nivuliwe koti!”

Ndivyo Mzee Kalenda alivyofungua kila asubuhi kipindi chake cha redio, Siku Kama ya Leo. Na koti alikuwa nalo kweli: la sufu, la kahawia, vifungo vya pembe, zawadi aliyojipa mwenyewe alipostaafu kazi ya kiwanda cha uchapaji. Shemeji yake mkubwa, fundi cherehani aliyelipunguza mikono, hakukutana naye hata siku moja bila kulipapasa kola na kuuliza, “Shemeji, koti langu halijambo?”

Ila ile kweli tupu ilikuwa na matundu kuliko chujio. Historia ikimnyima habari, Mzee Kalenda huitungia. Alishatangaza siku ya kuzaliwa kwa mvumbuzi wa mto wa kulalia, na siku mwanamuziki mmoja wa kale alipooana na mpiga ngoma wake kwa mara ya pili. Mwishowe bosi, mama asiyecheka ovyo, akamwita ofisini.

“Mzee wangu, uongo mmoja tu mwingine, kipindi nakifuta, naweka matangazo ya sabuni.”

Asubuhi iliyofuata alipekua vitabu vyake vyote, patupu. Tarehe nyeupe kama ganda la yai. Taa nyekundu ikawaka. Akaapia koti, akafungua mdomo, na mdomo ukajiendea wenyewe.

“Siku kama ya leo, zamani za kale, mfalme mmoja alitumbukia kisimani. Mawaziri wakaunda kamati. Waliomvuta ni mashemeji zake, kaka za mkewe! Tangu hapo ikaamriwa: leo kila mwenye mke awalishe mashemeji zake mpaka washindwe kuinuka. Ndiyo Sikukuu ya Mashemeji!”

Ng'ambo ya kioo, bosi alisimama, mikono kiunoni.

Simu ya studio ikalia. Mzee Kalenda akaiweka hewani kama mtu anayetoa shingo.

“Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia,” ilisema sauti ya kikongwe, kama inayotoka ndani ya blanketi. Ikakohoa mara mbili. Nyuma yake kitu kilitatarika, kikanyamaza, kikatatarika tena. “Nimepiga kukusahihisha.”

Roho ikamruka Mzee Kalenda. Sabuni hiyo, inanukia.

“Uliyosema ni kweli, nimeyafundisha miaka nenda miaka rudi. Ila umeruka jambo. Kwa shukrani, mfalme alivua koti lake akamvika yule shemeji mkubwa. Ndicho kilele cha sikukuu.”

“Naam!” Mzee Kalenda akadakia, pumzi zikimrudi. “Koti! Nilikuwa naelekea hapo hapo! Bila koti sikukuu haijatimia, wasikilizaji, shikeni hilo! Ahsante, mwalimu.”

“Usijali, she... sheria ya elimu ni kusaidiana.”

Bosi aliingia studio akitabasamu, tukio ambalo halimo katika historia yoyote.

“Nisamehe, Mzee. Kumbe kweli! Basi jioni nitapita kwako nione mnavyoadhimisha.”

“Karibu sana, bosi. Mke wangu huisubiri mwaka mzima!”

Jioni akarudi nyumbani akipiga mluzi, kola ameisimamisha. Njiani mambo alishayapanga: atamwambia bosi mashemeji wamesafiri, atampa kikombe cha chai, yaishe.

Mlango aliukuta wazi, harufu ya nyama ya kukaanga imemlaki barazani. Sebuleni, kaka za mkewe wote walikuwa wamekwisha kulegeza mikanda, mifupa imerundikana kwenye masahani kama kuni. Bosi alikuwa katikati yao, simu mkononi, tayari kupiga picha. Mkewe akapita na sufuria nyingine, midomo ameibana kama aliyejaza maji kinywani.

“Umechelewa, Mzee,” bosi akasema. “Tumebakiza kilele tu.”

Shemeji mkubwa, mwenye sauti ya tarumbeta siku zote, akainuka kwa taabu. Akakohoa mara mbili, akamwinamia Mzee Kalenda sikioni, na kwa sauti ya kikongwe, kama inayotoka ndani ya blanketi, akanong'ona:

“Vua taratibu, shemeji, usinichanie bitana.”