Msamaha Uliopigwa Muhuri

Siku ya pili baada ya Mwatumu kumaliza vikao kumi na viwili vya ushauri nasaha, baba yake mdogo, Shomari, aliingia bila hodi, kilo ya sukari mkononi na barua ya serikali mfukoni. Sheria ilikuwa hivyo: ukimaliza vikao, kila uliyemtaja kuwa alikukosea hupelekewa msamaha wako, tayari umepigwa muhuri.

"Tuletee chai basi, mwanangu," alisema, akijimwaga kitini.

Huyu ndiye aliyeificha barua ya Mwatumu ya kuchaguliwa sekondari, ili abaki nyumbani kumlelea watoto. Ati leo anataka chai!

Mwatumu hakuinuka. Miaka yote angeinuka. Kubaki ameketi ndilo somo kubwa alilotoka nalo kwa mshauri.

"Sijakusamehe, baba mdogo."

"Lakini barua inasema..." Shomari aliitoa mfukoni, akaikunjua.

"Mimi hawakuniuliza! Umenilia miaka yangu, halafu unaniletea sukari?"

Bangili ya afya, aliyovishwa Mwatumu siku ya kikao cha kwanza, ikawaka nyekundu, ikatangaza kwa sauti tamu: "Hasira imerudi. Vikao vinaanza upya kesho."

Shomari akaikunja barua yake taratibu, akachukua na sukari yake.

"Pole, mwanangu," akasema kwa huruma. "Nitarudi ukishapona."