Mshono Kando ya Bwawa

Fundi Mbaraka alivua viatu kando ya bwawa la kuogelea. Nyasi za plastiki zilikuwa zimeshatandikwa pande zote, na kwa mara ya kwanza mwanagenzi wake Zuhena ndiye aliyezikata na kuziunganisha. Fundi alikuwa na desturi yake: hutembea peku, macho ameyafumba, akiutafuta mshono wa vipande. Unyayo wake ukiugusa, aliyeuunga hurudishwa kwenye kazi ya kukoroga gundi.

"Nikiupata, binti, umeumbuka."

"Tembea tu, fundi. Ila usije ukatumbukia!"

Mdomo wa Zuhena ulijibu hivyo, lakini macho yake yaliufuata kila unyayo wa fundi. Alikuwa amezilaza nyasi zote upande mmoja, zikiielekea nyumba yenye bwawa, na ukingo ameukata taratibu akifuata mviringo wa maji.

Fundi alizunguka bwawa lote. Akasimama, akakunja uso, akazunguka tena, safari hii akiburuta vidole.

"Mshono uko wapi?" aliuliza, macho bado ameyafumba.

Zuhena alisimama kidevu juu, akimtazama mtu mzima yule akipapasa nyasi kwa miguu kama aliyedondosha sindano.