Pia ya Ukutani

Lori lilishawashwa, godoro limefungwa juu ya kabati, Mwanakheri alipogeuka akarudi mlangoni na patasi.

"Shemeji, umesahau nini tena?" akaita Sefu, mdogo wa marehemu mumewe.

"Pia."

Ndivyo wachonga mawe wa mji ule walivyoliita kombe la konokono lililoganda ndani ya jiwe, kichwa kipana, ncha nyembamba, kama pia ya watoto. Mwalimu mmoja mpita njia aliwahi kusema konokono wa aina ile hayupo tena katika bahari yoyote. Shaali, mumewe, alilichonga jiwe lile mwenyewe akalijenga kando ya mlango, na kwa miaka thelathini mzaha wake ulikuwa mmoja. Mwanakheri akisema, "Mimi natoka," yeye huigusa na kujibu, "Na mimi pia."

Mwanakheri akagonga taratibu. Aliitaka nzima.

"Mawe yapo hata huko uendako, shemeji!"

"Hayo hayajibu."

Pigo la nne, pia ikawa unga kiganjani mwake. Ukutani likabaki tundu lenye umbo lake, hadi nchani. Akatia kidole.

"Mimi natoka," akasema. Akangoja kidogo, kisha akapanda lori.

Sefu aliuza lori mwaka uliofuata. Mwanakheri aliishi miaka sita kwa dada yake, akafa kwa homa. Nyumba ilinunuliwa na fundi cherehani, hakuliziba tundu. Wateja wakibisha hodi, hutia kidole humo wakisubiri kuitikiwa.